Nairobi Expressway kwa macho ya mkazi wa Mlolongo

Nimekuwa nikiitumia Nairobi Expressway, barabara ya kasi ya kulipia, tangu ilipofunguliwa kwa umma mwezi Mei 2022, na mara nyingi safari yangu huanzia Mlolongo, katika kaunti ya Machakos, na kuishia Westlands, yaani kilomita zote 27. Kama barabara naipa alama nne kati ya tano. Kama huduma kwa mtu anayelala Machakos na kufanya kazi Nairobi, naipa mbili na nusu, na pengo hilo ndilo lililonifanya niandike.

Nianze na sifa, kwa kuwa inazistahili. Lami ni laini, alama zinasomeka kutoka mbali, na usiku njia inaonekana vizuri. Sehemu kubwa kuelekea katikati ya jiji imeinuliwa juu ya nguzo, kwa hiyo dereva anapita juu ya mizunguko ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikimla saa nzima. Ukikaribia uwanja wa Nyayo unajikuta kimo kimoja na vilele vya miti, na korongo wale wakubwa ambao zamani ulikuwa ukiwatazama kwa kuinua shingo sasa wanakutazama ana kwa ana, bila kushangaa. Upande wa Westlands uko ule mti mkubwa wa mugumo wa Waiyaki Way, ambao ulipangiwa kukatwa wakati wa ujenzi mwaka 2020 hadi Rais Uhuru Kenyatta alipoagiza uachwe. Miti mingine mingi ya kando ya Uhuru Highway haikupata mtetezi wa cheo hicho.

Malipo yana njia tatu: fedha taslimu, kadi inayojazwa pesa mapema, na kifaa cha kielektroniki kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele, ambacho hukuwezesha kupita bila kushusha dirisha. Kwa anayepita zaidi ya mara mbili kwa mwezi, ningemshauri achukue kifaa bila kufikiri sana. Si kwamba kibanda cha fedha taslimu kina kasoro. Tatizo ni sisi madereva: mtu amesafiri kilomita 20 akijua atalipa, lakini anaanza kupapasa mifuko akiwa amekwisha fika kwenye kizuizi, kisha anatoa noti ya elfu moja na kuuliza kama anaweza kupewa chenji ya noti ndogo ndogo. Nyuma yake magari sita yanangoja, huku njia ya kifaa iliyo kando ikimeza gari baada ya gari.

Sasa bei. Barabara ilipofunguliwa, gari dogo lilikuwa likilipa kati ya shilingi 120 na 360 kulingana na umbali. Kuanzia Januari 2024 viwango vilipanda vikawa kati ya shilingi 170 na 500, na sababu iliyotolewa ilikuwa kudhoofika kwa shilingi mbele ya dola. Sababu hiyo inaeleweka ukijua jinsi mradi ulivyopangwa. Serikali haikujenga kwa fedha za bajeti; kampuni ya China Road and Bridge Corporation ilijenga kwa mtaji wake na mikopo, na kampuni tanzu yake, Moja Expressway, imepewa haki ya kuendesha barabara na kukusanya ushuru kabla ya kuirudisha kwa serikali. Gharama ilihesabiwa kwa dola ilhali sisi tunalipa kwa shilingi, basi shilingi ikiteleza anayeongezewa mzigo ni mwenye gari. Hata hivyo, shilingi ilipojikaza ndani ya mwaka huohuo wa 2024, ushuru haukufuata njia ya kurudi chini, na hapo ndipo hoja ya ubadilishaji wa fedha inaponipotea.

Hebu tupige hesabu ya mfanyakazi wa kawaida mwenye gari. Mlolongo hadi Westlands ni shilingi 500, kurudi ni 500 nyingine, na siku za kazi kwa mwezi ni kama 22. Jumla ni shilingi 22,000 kwa mwezi, kabla hujaweka mafuta, kabla hujalipia maegesho. Mtaani kwetu kuna nyumba za kupanga ambazo kodi yake haifiki hapo. Nilijaribu kuishi hivyo kwa miezi miwili na katika mwezi wa tatu nikarudi barabara ya chini isiyolipiwa, na majirani zangu karibu wote wana hadithi hiyohiyo. Watu wengi huku hawaitumii kama barabara ya kila siku. Wanaitumia kama dawa ya dharura, siku ya usaili wa kazi, siku mtoto ameugua, siku umechelewa na bosi ameshapiga simu mara mbili.

Ila ushuru peke yake usingenipunguzia alama nyingi hivyo. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba barabara hii imetuingiza Nairobi bila kutuingiza Nairobi. Nilipokuwa nikinunua kiwanja, dalali aliyeniuzia alinyoosha mkono kuelekea kaskazini na kusema, “Nairobi ni hapo tu, mzee, barabara ikikamilika utakuwa kazini kabla chai haijapoa.” Kuhusu chai hakudanganya. Alichonyamazia ni kwamba baina ya kiwanja na kazi upo mpaka wa kaunti, na mpaka huo hauna daraja.

Historia ya mpaka wenyewe inafundisha. Jiji la Nairobi limekuwa likijitanua tangu enzi za ukoloni, na hatua kubwa kuliko zote ilikuja mwaka 1963, ambapo eneo lake liliruka kutoka chini ya kilomita za mraba 100 hadi takriban 690, likameza sehemu kama Karen, Lang'ata na Dagoretti. Walioingizwa wakati ule waliingizwa pamoja na vitongoji vyao: wakawa chini ya halmashauri ya jiji, wakawapigia kura madiwani wa jiji, wakapata pa kupeleka malalamiko yao. Tangu hapo mpaka umebaki karibu palepale, ilhali nyumba hazikubaki. Zimetapakaa hadi Ruiru upande wa Kiambu, Kitengela na Ongata Rongai upande wa Kajiado, na huku kwetu Syokimau, Mlolongo na Athi River upande wa Machakos. Chini ya Katiba ya 2010, kusogeza mpaka wa kaunti si jambo la agizo la waziri. Kifungu cha 188 kinataka pendekezo la tume huru, kisha theluthi mbili ya wabunge wote na theluthi mbili ya wawakilishi wa kaunti katika Seneti. Sijaona gavana atakayekubali kirahisi kumwachia mwenzake viwanda vya Athi River na kodi zake za ardhi.

Basi tunaishi hivi. Kodi ya ardhi naipeleka Machakos, na gavana ninayempigia kura ni wa Machakos. Katika sensa ya 2019 nilihesabiwa huku nilikolala, kwa hiyo mgao wa fedha za serikali kuu unaozingatia idadi ya watu uliniandika upande huu. Ada ya maegesho inakwenda Nairobi, ambako mchana kutwa natumia barabara na vyoo vya jiji bila kuwa na sauti juu ya lolote. Ushuru wa njia unakwenda kwa mwendeshaji. Maji hayajafika kwa bomba. Tunanunua ya bowza, yaani lori la maji. Mwaka 2017 iliundwa Mamlaka ya Uchukuzi ya eneo la jiji kuu, NaMATA, inayojumuisha Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, na hilo lilikuwa wazo zuri, kwa kuwa usafiri wetu ni mmoja hata kama magavana ni watano. Lakini mkazi wa Mlolongo akiuliza ni nani anayesikiliza shida zake za safari ya asubuhi, jibu bado ni refu kuliko foleni yenyewe.

Nisiwasahau walio chini. Pikipiki, tuktuk, baiskeli na waendao kwa miguu hawaruhusiwi kupanda juu, jambo ambalo kwa usalama ni sawa kabisa. Lakini fundi anayetoka Mlolongo kwa boda boda kwenda kazi ya mjengo anaishi chini ya kivuli cha barabara ambayo haimhusu, akigawana nafasi na malori ya Mombasa na matatu. Siku mvua ikinyesha anajikinga chini ya nguzo, na hapo walau mradi umemfaa.

Kwa hiyo, nani aitumie? Anayewahi ndege katika uwanja wa Jomo Kenyatta akitokea Westlands saa za msongamano asisite, maana shilingi zake zinanunua uhakika. Anayevuka jiji mara moja moja kwa biashara yenye faida naye atairudisha gharama. Anayefikiria kununua nyumba Mlolongo au Syokimau kwa sababu ya barabara hii, aandike ushuru kwenye bajeti kama kodi ya pili, kisha aulize maji yanatoka wapi kabla hajauliza dakika ni ngapi hadi mjini. Ajue pia kwamba kasi ya juu inakwisha pale unaposhuka: Westlands asubuhi magari yote hurudi kwenye mwendo uleule wa jiji.

Mimi kwa sasa natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kupita chini. Ijumaa jioni napanda juu na kulipa shilingi 500 bila kunung'unika, kwa kuwa bowza huja mtaani kwetu saa moja usiku, na asiyekuwepo getini hupitwa.