Racheti ya betri: ipi ununue, na kazi gani usiipe

Nati iliyogoma ilegeze kwa mkono kwanza. Racheti ya betri inakuja baada ya hapo, kuizungusha mpaka itoke. Ukiinunua ukitegemea ifungue vilivyoshikana kwa kutu utaichukia ndani ya wiki, na pengine utaivunja meno.

Ndiyo maana namba kubwa ya nguvu kwenye boksi hainibabaishi. Makita WR100D ya volti 12 inatoa Nm 47.5 (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) na kuzunguka mara 800 kwa dakika. Milwaukee M12 FUEL ya 3/8 (inchi, upana wa ncha inayoshika soketi), modeli 2557, inatoa kama Nm 75 lakini mizunguko ni 200 tu. Nati za tairi za Toyota ndogo hukazwa kwa Nm 103, kwa hiyo zote mbili hapo hazina chao. Upande wa pili, bolti za namba 10 za kava ya tapeti (kifuniko cha juu ya injini) kwenye injini kama 1NZ ya Toyota zinataka takribani Nm 10. Hapo hata ile dhaifu inaweza kukata bolti au kuondoka na hesi (mistari ambamo bolti hujifungia) za aluminiamu.

Kwa bampa, sampo ya oili na kava ya timing, palipo na bolti nyingi zinazotoka bila ubishi, nachukua yenye kasi. Mizunguko 800 unaiona kazini. Kwa chini ya gari, bolti za namba 14 na 17 zenye kutu hesi nzima, nachukua yenye nguvu, kwa sababu yenye kasi inakwama katikati ya safari na unarudia mkono. Makita hiyo ina faida nyingine: unaweza kubadilisha ncha kutoka 3/8 kwenda 1/4, kwa hiyo kwa soketi ndogo huna haja ya adapta, na adapta huongeza urefu pale pasipo na nafasi.

Nafasi ndiyo ya kupima dukani. Chomeka soketi fupi namba 12, pima kuanzia mgongo wa kichwa cha racheti mpaka mdomo wa soketi, ulinganishe na upenyo uliopo nyuma ya altaneta au stata ya magari unayoyatengeneza zaidi. Za volti 18 huwa na betri kubwa mkiani, nzuri kwa kazi ndefu, ila kwenye injini iliyobanana mkia huo unagonga kila kitu.

Hatari ambayo muuzaji hakutajii ni kubanwa. Unafungua bolti ndefu, bodi ya gari iko karibu mbele yake. Bolti inatoka, inasukuma racheti nyuma, mgongo wa kichwa unagota kwenye bodi. Sasa soketi haitoki, na swichi ya kubadilisha mwelekeo kwa kawaida iko hukohuko mgongoni, imefunikwa. Achia triga mapema, kichwa kikiwa bado kina upenyo wa kidole, toa racheti, malizia kwa vidole. Wakati wa kukaza, hofia mpini: nati ikifika mwisho mpini ndio unaozunguka, na kidole kilicho kati yake na fremu ya radieta kinalipa gharama.

Kukaza kwenyewe: anza hesi kwa vidole mizunguko miwili au mitatu, gusa triga kidogokidogo mpaka kichwa cha bolti kikae, kisha acha. Kinachobaki ni cha spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Na usivishe bomba kwenye mpini ili kuongeza nguvu. Meno ya ndani na ncha ya soketi ndiyo yanayobeba mzigo wote huo.

Betri ya 2 Ah (Ah ni kipimo cha chaji inayobeba) inatosha kwa racheti ya volti 12. Ndani huwa na seli tatu za volti 3.6, yaani 10.8, hiyo 12 ni ikiwa imejaa. Betri nyembamba ya seli tatu za 18650 (saizi ya kawaida ya seli za duara) iliyoandikwa 6 Ah ni uongo mtupu, maana seli nzuri za aina hiyo huwa kati ya 2 na 3.5 Ah. Chagua mota isiyo na kaboni (brushless) kama mfuko unaruhusu. Kama mzigo umetoka Marekani, soma nyuma ya chaja kabla ya kuichomeka: nyingi ni za volti 120 peke yake, na umeme wetu wa 230 au 240 unaiunguza papo hapo.

Iliyotumika unaijaribu bila betri. Chomeka soketi kwenye bolti iliyokazwa vizuri, vuta kwa mkono upande wa kukaza, geuza swichi, vuta upande wa kufungua. Ikiruka jino hata mara moja, mrudishie mwenyewe.