Isimila tamu, waliotupeleka shubiri

Hasira zangu si za Isimila, hilo lieleweke mapema. Ni za waandaaji waliotujaza kwenye Kosta pale Iringa mjini, wakatutangazia "ziara ya historia", halafu wakatupeleka disko.

Jina lao nalimeza. Mnaokaa kwenye magrupu ya safari za wikiendi mtawatambua kwa tangazo lao: picha ya zile nguzo za udongo za Isimila, na chini yake "tukale bata na mababu".

Kwa ambao hamjafika, Isimila ni korongo lililo kama kilomita 20 kutoka Iringa, ukishika barabara ya Mbeya. Kutembea kwake hakuna kazi. Bibi yangu angemaliza na kanga yake kiunoni. Unateremka taratibu mpaka kwenye mchanga wa chini, na nguzo za udongo zimekuzunguka kama vichuguu vilivyogoma kuacha kukua. Zamani hapo palikuwa na maji yaliyotuama, tope likalala tabaka juu ya tabaka, kisha mvua na kijito vikaja kulikata lote. Palipokuwa pagumu pakabaki pamesimama.

Mzee aliyetuongoza alianza na zana za mawe. Ziko chini, nyingi, unaziona kwa macho yako bila kioo cha kabati katikati. Akanipa shoka moja la mkono nilishike. Limechongwa pande zote mbili mpaka makali yakakutana, na uzito wake umekaa pale pale kiganja kinapoutaka. Alisema wataalamu walilijua eneo hili 1951, kisha mtafiti Mmarekani, Clark Howell, akaja kuchimba 1957 na 1958. Umri? Wengi bado wanataja miaka 60,000, lakini kipimo cha mifupa kilichotolewa miaka ya 1970 kilifika kama 260,000. Nikabaki nimelishika tu, sitaki kulirudisha.

Ndipo akafika kwa kiboko. Si hawa wa Ruaha. Huyu anaitwa Hippopotamus gorgops, alishatoweka duniani, na mifupa yake imeonekana humo humo korongoni. Macho yake yalikuwa yameinuka juu ya fuvu kuliko ya kiboko wa leo, mwili wote uko majini naye anakuchungulia. Mzee alikuwa anatuonyesha kwa mikono jinsi macho yalivyokaa, watoto wa mama mmoja wamekodoa, na hapo hapo spika ikalia. Amapiano! Kwenye korongo! Sauti inagonga ukuta huu inarudi ukuta ule, mzee anafungua mdomo husikii kitu.

Nikamfuata mwandaaji kwa adabu zangu zote. "Kaka, shikamoo ya mzee hamkumpa, basi mpeni dakika kumi amalize." Akanitazama juu hadi chini. "Sista, kama unataka darasa ungeenda chuo. Hapa watu wamelipia raha." Wenzake wakacheka.

Raha ya nani? Mimi nililipia nini?

Na hilo si baya kuliko yote. Ile spika ilikuwa inayumba kwenye mchanga, wakaiegemeza kwa jiwe. Jiwe gani? Shoka. Kitu kilichochongwa na mtu kabla hakujawa na Iringa wala Uhehe wala yeyote wa kuimba, wao wamekifanya kigingi cha spika. Mzee aliinama, akalitoa, akalifuta kwa shati lake, akalirudisha mahali pake. Hakusema neno. Mimi nilisema mengi, na mengine hayaandikiki.

Nilipofika nyumbani nilitaka kuwapa sifuri. Baadaye nikapoa kidogo: dereva aliendesha kistaarabu, gari lilikuwa safi, na nauli yao kwa kweli haikuwa ya kukomoa. Nikasema basi, nyota mbili, labda hata tatu, ni vijana wanatafuta riziki. Nikaandika malalamiko yangu kwenye grupu, kwa heshima kabisa, bila kumtukana mtu. Wakanitoa. Hata kujibu hawakujibu. Kwa hiyo moja, na hiyo moja ni ya dereva.

Isimila nendeni. Pandeni gari za kwenda Mafinga, mwambieni konda awashushe njiapanda ya Isimila, mtembee kidogo kwa miguu mpaka getini. Nendeni asubuhi, maana saa sita jua la kule chini halina huruma na kivuli ni cha kugombania. Mwacheni mwongozaji aongee hadi achoke. Muulizeni habari za kiboko, mimi nusu yake sikuisikia.

Na wewe admini, najua unasoma hapa kwa namba nyingine. Pilau tuliyoahidiwa haikufika. Hela yangu ya chakula irudi.