Matembezi ya mawe Mji wa Kale, Mombasa: nililipa shilingi 2,000, na ningelipa tena

Kila siku navuka daraja la Nyali mara mbili, kutoka Kongowea kwenda kazini kisiwani na kurudi. Daraja la saruji la mwaka 1980, foleni na honi za matatu. Lililolitangulia, la 1931, lilikuwa la kuelea. Binti yangu aliporudi na kazi ya shule ya kupiga picha za madaraja ya mawe ya kale, nilikwama. Wazee wetu hapa walivuka kwa mitumbwi na madau. Jiwe lao waliliweka kwenye kuta. Mwalimu akakubali kuta badala ya madaraja, nami nikatafuta mwongoza wageni, mzee aliyezaliwa na kukulia Mji wa Kale.

Tulianzia Fort Jesus. Habari za Wareno na mchoro wa msanifu Giovanni Battista Cairati, ujenzi wa 1593 hadi 1596, Waomani kuizingira ngome kuanzia 1696 mpaka 1698, kisha gereza tangu 1895 hadi 1958, mzee alizipitisha upesi. Nilishukuru, kwa sababu hayo tulisoma shuleni. Yeye alitaka tuguse. Alimwita binti yangu ukutani: "Njoo mjukuu wangu, tia kidole hapa." Jiwe lilikuwa na vitundu vidogo vimepangana kama sega la nyuki, na pembeni alama kama ua lililochanua. Ni matumbawe, yaliyojengwa baharini na viumbe wadogo kuliko punje ya mchele. Tulipofika kwenye handaki akatuonyesha mwamba wenyewe wa matumbawe uliochongwa, na ukuta uliopandishwa juu yake. Nilitazama sana kabla ya kuona mwamba unaishia wapi na mkono wa fundi unaanzia wapi.

Huko Mji wa Kale ndiko alikostahili pesa yake. Nilikulia kwenye vyumba vyembamba virefu vya nyumba ya bibi, mtaa wa Kibokoni humo humo Mji wa Kale, na sikuwahi kuuliza kwa nini ni vyembamba. Mzee alinyoosha kidole darini: boriti za mikoko. Boriti nzuri haifiki mita 3, kwa hivyo chumba hakiwezi kupanuka kuliko boriti inavyofika. Kisha akaeleza chokaa: matumbawe yanapangwa juu ya rundo la kuni, yanachomwa mpaka yawe meupe na mepesi, halafu yanazimwa kwa maji. Jiwe na chokaa vyote vimetoka baharini, ndiyo maana vinapatana.

Nikamwambia kuhusu ukuta wa nyumba hiyo ya bibi. Miaka kadhaa nyuma fundi mmoja aliupiga plasta ya saruji, ukawa laini, tukafurahi. Baada ya masika mawili ulianza kuvimba, kisha ukabanduka vipande vipande na kuondoka na uso wa jiwe. Mzee hakushangaa hata kidogo. Alisema ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na kuutoa. Chokaa inauruhusu utoke, saruji inaufungia ndani pamoja na chumvi yake. "Mwanangu, mumeuziba pumzi." Nilisimama pale kichochoroni nikamkumbuka bibi, aliyekuwa akipaka chokaa kila kabla ya Idi, nasi tukidhani ni mambo ya urembo tu.

Tulimalizia ngazi za Leven, zinazoshuka mpaka kwenye maji na kisima chake. Jina lilitokana na meli ya Kiingereza iliyofika Mombasa 1824. Mahali pazuri, ila takataka zilizoletwa na maji zilinivunja moyo.

Kasoro zipo. Alichelewa karibu nusu saa, na tulipofika ngazi akadai shilingi 500 zaidi akisema hazikuwa katika makubaliano. Nililipa, lakini haikupendeza mbele ya mtoto. Pia tulitembea saa sita mchana bila kituo cha kunywa maji; mwenye mtoto mdogo au mzazi mzee aanze asubuhi, saa mbili hivi, na patana kabisa mwanzoni ni wapi na wapi mtapita.

Nampa nyota nne kati ya tano. Na akikuuliza kama mna nyumba ya mawe kwenu, mwambie ukweli. Sisi alitupeleka kwa fundi wa chokaa mtaa wa pili, na Jumamosi hii tunaanza kuibandua saruji ya Kibokoni kwa patasi, polepole, kuanzia chini.