Mailcow kwa kampuni changa: kupokea ni rahisi, kazi iko kwenye kutuma

Kampuni ya watu watano hadi kumi inayotaka barua pepe za jina lake bila kulipia kila mfanyakazi kila mwezi ina njia chache za maana, na kati ya hizo tunaipa Mailcow nafasi ya kwanza. Ni mfumo huria uliotengenezwa Ujerumani. Umekusanya Postfix (kutuma na kupokea), Dovecot (kuhifadhi barua), Rspamd (kuchuja taka), SOGo (kusoma barua kwenye kivinjari) na ClamAV (kukagua virusi), kila kimoja kwenye kontena lake la Docker, yaani boksi la programu linalojitegemea, vyote vikiendeshwa kutoka ukurasa mmoja wa usimamizi. Hapa tunaupima ukiwa kwenye VPS (seva pepe) ya kukodi, na Caddy, programu ya seva ya wavuti, ikibeba tovuti kwenye seva nyingine. Kwa kupokea barua, kuzihifadhi na kuchuja taka, ni mzuri sana. Kutuma kunategemea sifa ya anwani yako ya IP, na sifa hiyo haiji na programu yoyote.

Wazo la kuweka seva ofisini liache mapema. Laini nyingi za ofisi ndogo hazina IP ya kudumu, hazikupi uwezo wa kuweka rekodi ya PTR (inayotaja jina la seva kutoka kwenye IP), na safu zake za IP mara nyingi zimo kwenye PBL, orodha ya Spamhaus ya IP zisizotarajiwa kutuma barua moja kwa moja, kwa hiyo barua zako zitakataliwa mlangoni kabla hazijasomwa. Na umeme nao ni suala jingine.

Kwenye VPS, watengenezaji wanataka RAM ya GB 6 na swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM) ya GB 1 kama kima cha chini, na diski ya GB 20 kabla ya kuhesabu barua zenyewe. Chukua GB 8. Ukilazimika kubana, andika SKIP_CLAMD=y kwenye mailcow.conf, ClamAV ni mlaji mkubwa wa RAM, na ukiizima utabaki na Rspamd, ambayo bado inachuja vizuri ila haikagui virusi kwenye viambatisho. Usinunue VPS za OpenVZ wala LXC hata zikiwa za bei chee, kwa sababu Mailcow haiziungi mkono.

Kabla hujalipa, uliza jambo moja: poti 25 ya kutoka, ambayo seva za barua hutumia kutumiana, iko wazi? Wengi hujikwaa hapa. Google Cloud huifunga. Hetzner Cloud hufunga 25 na 465 kwa wateja wapya, kisha unaomba zifunguliwe baada ya kulipa ankara ya kwanza. DigitalOcean nayo huzifunga, na AWS inataka uombe. Seva ikishawaka, pima kwa `nc -vz gmail-smtp-in.l.google.com 25`. Ikikaa kimya mpaka muda unaisha, poti imefungwa na hakuna mpangilio wa Mailcow utakaoifungua.

Usakinishaji wenyewe ni mwepisi. Weka Docker na Docker Compose, pakua Mailcow kwa git ndani ya /opt, endesha hati ya `./generate_config.sh`, halafu `docker compose pull` na `docker compose up -d`. Swali la kwanza la hati hiyo ndilo linalowachanganya watu: inaomba jina kamili la seva, mfano mail.mfano.co.tz. Haiombi mfano.co.tz. Ukikosea hapa, cheti cha usalama na salamu ya Postfix (jina inalojitambulisha nalo kwa seva nyingine) vitabeba jina lisilolingana na PTR. Nenosiri la msimamizi la kuanzia ni moohoo, na dunia nzima inalijua. Libadilishe kabla hujafanya lolote jingine. Jua pia kwamba Docker hupita pembeni ya ufw, kinga ya mtandao ya Linux. Poti ambazo kontena zimezifungua zitabaki wazi hata kama ufw inaonyesha zimefungwa, kwa hiyo weka kinga kwenye paneli ya mwenye seva, yaani anayekukodishia VPS.

Rekodi za DNS ndizo zitakazokula muda wako. Unahitaji A ya mail.mfano.co.tz (inayotaja IP ya jina hilo), MX inayoielekea (inayosema barua zipelekwe wapi), PTR inayorudisha jina hilohilo kutoka kwenye IP (hii huwekwa kwa mwenye seva, si kwa aliyekuuzia jina la tovuti), SPF ya `v=spf1 mx -all` (nani anaruhusiwa kutuma), DKIM (saini ya barua), na DMARC (mpokeaji afanye nini barua ikishindwa ukaguzi huo). Kila kikoa (jina kama mfano.co.tz) ndani ya Mailcow kina kitufe cha DNS kinacholinganisha kinachotakiwa na kilichopo, na kwa maoni yetu hicho ndicho kifaa bora kuliko vyote kwenye mfumo huu. Makosa manne hujirudia. La kwanza ni kuweka rekodi mbili za SPF kwenye kikoa kimoja: zinabatilishana, kwa hiyo ziunganishe ziwe moja, na usivuke utafutaji wa DNS mara 10. La pili ni ufunguo wa DKIM wa biti 2048. Ni mrefu kuliko herufi 255 ambazo kipande kimoja cha TXT (rekodi ya maandishi) kinaruhusu, na paneli nyingine huukata bila kusema. Ugawe vipande viwili ndani ya alama za kunukuu. La tatu ni IPv6. Seva hutuma kwa IPv6 bila wewe kujua, PTR umeweka ya IPv4 peke yake, na Gmail inakataa barua. Weka PTR ya IPv6 pia, au zima IPv6. La nne ni kuanza DMARC na p=reject (kataa) siku ya kwanza. Anza na p=none (usizuie kitu) ukipokea ripoti, hakikisha kila kinachotuma kwa jina lako kinafaulu, ndipo upande hadi quarantine (weka kwenye taka).

Kuna tabia moja ya Mailcow ambayo ofisi zetu zitakutana nayo mapema. Kontena la netfilter hufungia IP yoyote inayokosea nenosiri mara kadhaa. Ofisi nzima ikiwa nyuma ya ruta moja, simu moja yenye nenosiri la zamani inaweza kuwafungia wote, na watakachoona wao ni kwamba seva imezimika. Mitandao ya simu huongeza tatizo kwa kuwapa wateja wengi IP moja ya nje. Kama ofisi ina IP ya kudumu, iingize kwenye orodha ya walioruhusiwa chini ya mipangilio ya Fail2ban. Anayebadilisha nenosiri abadilishe kwenye vifaa vyake vyote siku hiyohiyo.

Bakapu ina mtego. Mailcow huhifadhi barua zikiwa zimesimbwa, na funguo zake zimo kwenye crypt-vol. Ukinakili vmail, yaani folda ya barua, peke yake, unayo diski iliyojaa barua zisizosomeka. Tumia hati yao, `helper-scripts/backup_and_restore.sh backup all`, peleka nakala nje ya seva hiyo, kisha irejeshe kwenye seva ya majaribio ili ujue inafanya kazi.

Tovuti iweke kwenye seva nyingine ndogo. Mailcow inataka poti 80 na 443 ziwe zake, na programu ya wavuti ikivamiwa hutaki IP yako ya barua ianze kumwaga taka. Caddy inatosha: mistari michache kwenye Caddyfile na inajiletea cheti cha Let's Encrypt yenyewe. Ukiiendesha kwa Docker, hifadhi folda ya /data. La sivyo kila ikiumbwa upya itaomba cheti kipya, na Let's Encrypt hutoa vyeti vitano tu vya majina yaleyale kwa siku saba.

Sasa kutuma. Barua za kawaida kati ya watu zitafika, ingawa Outlook huchelewa kuiamini IP mpya. Barua za mfumo, kama risiti, namba za uthibitisho na kubadilisha nenosiri, zipitishie kwa mtumaji wa kulipia. Amazon SES hutoza dola 0.10 kwa barua 1,000, na Mailcow inakubali kumweka mtumaji wa nje kwa kila kikoa. Zitume kutoka kikoa kidogo, mfano taarifa.mfano.co.tz, zisichafue jina kuu. Tangu Februari 2024 Gmail inadai SPF, DKIM na DMARC kwa anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku, na malalamiko ya taka yasifike asilimia 0.3.

Seva ikizimika saa chache, usiwe na hofu: wanaokuandikia hujaribu tena kwa siku kadhaa. Waandae pia wafanyakazi kwa kukatika kwa mtandao wenyewe, kama Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipoharibika. Mwenye Thunderbird, programu ya barua kwenye kompyuta, husoma barua alizokwisha kupakua. Anayetegemea SOGo kwenye kivinjari hana kitu.

Akaunti ya mwenye seva na ya jina la tovuti isajili kwa barua pepe isiyokaa kwenye seva hii. La sivyo, ankara ikipitiliza, onyo litatumwa kwenye kisanduku ambacho huwezi kukifungua.