Darubini ya kwanza: nunua miguu kabla ya bomba

Tangu niandike kuhusu Zohali, ile sayari yenye pete, inboksi yangu imejaa malalamiko ya aina moja. Msomaji wa Morogoro: "Dada, Mwezi nimeuona, lakini unarukaruka kama samaki kwenye ndoo. Nikigusa tu pale pa kurekebishia fokasi, unatoka kabisa." Mwingine wa Mombasa kanunua darubini iliyoandikwa x675 kwenye boksi, yaani eti inakuza mara 675, hadi leo hajapata sayari hata moja, na anauliza kama lenzi ni feki. Lenzi inaweza kuwa nzima kabisa. Kinachowatesa wote wawili ni miguu, yaani stendi inayobeba darubini.

Kwa hiyo sitaanza na upana wa kioo, wala ukuzaji, wala mjadala wa lenzi dhidi ya kioo. Hayo yameandikwa kila mahali, niyamalize hapa: kioo kipana hukusanya mwanga mwingi zaidi, na ukuzaji wenye maana haupiti mara mbili ya upana huo kwa milimita. Darubini ya milimita 60 mwisho wake ni kama x120, hata boksi liandikwe nini. Galileo aliiona miezi minne ya sayari ya Mshtarii Januari 1610 kwa bomba la kukuza takribani mara 20. Basi, tuje kwenye miguu.

Ukikuza mara 65, kila mtikisiko nao umeukuza mara 65. Upepo mdogo, mtu akipita sebuleni, kidole chako mwenyewe. Na anga halikusubiri: linazunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo kwa x65 na lenzi ya jicho (ile unayotazamia) ya kawaida, sayari inakatiza duara lote unaloliona kwa dakika tatu hivi. Lazima uisukume darubini kila mara. Stendi ikiwa nzuri, unasukuma, picha inatulia, unatazama. Ikiwa ni ile miguu mitatu ya alumini nyembamba yenye kiungo cha plastiki katikati, unasukuma, unangoja itulie, unaanza kutazama, sayari imeshafika ukingoni. Mtu anafanya hivyo siku mbili tatu, kisha darubini inapanda juu ya kabati na haishuki tena.

Kuna jaribio moja ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kunionyesha kwa hiari. Fungua miguu hadi urefu wake wote, elekeza darubini kwenye kitu cha mbali, kama mnara wa simu, kisha gonga ubavu wa bomba kwa kidole na uhesabu. Picha ikitulia ndani ya sekunde mbili, chukua. Tatu, vumilia. Ikifika tano, mrudishie. Sisitiza miguu ifunguliwe yote, maana dukani huwekwa juu ya kaunta ikiwa imefupishwa, na hapo kila stendi ni shujaa.

Halafu kuna ile stendi yenye uzito wa kuning'inia, vipimo vya nyuzi na vishikio virefu viwili, inayoonekana ya kitaalamu. Wanaiita stendi ya ikweta. Ili ifanye kazi, mhimili wake lazima uelekee ncha ya anga, ile nukta ambayo nyota zote zinaizunguka, na ncha hiyo iko juu ya upeo wa macho kwa nyuzi zilezile za latitudo yako. London ni nyuzi 51, mhimili unasimama vizuri. Dar es Salaam ni karibu nyuzi 7, Nairobi ni moja na kidogo. Ukiulaza mhimili hadi hapo, darubini nzima inaegemea upande mmoja, uzito unagonga mguu wa stendi, na nyingine bolti yake inagota kabla hujafika. Nyota ya Kaskazini ambayo maelekezo ya boksi yanakuambia uilenge, ukiwa Dar iko chini ya upeo. Upande wa kusini nyota iliyo karibu na ncha, Sigma Octantis, ni hafifu kiasi kwamba taa za mjini zinaifuta, na ipo chini kabisa nyuma ya minazi ya jirani. Kwa mtu anayeanza, huku kwetu, stendi hiyo usinunue. Hata ukipewa punguzo.

Mshindi wangu ni Sky-Watcher Heritage 130P, na sijifichi: naipenda, nitaitetea. Kioo chake ni cha milimita 130, urefu wa fokasi milimita 650, na kinachoibeba ni kitako kifupi cha Dobson kinachokaa juu ya meza badala ya kusimama kwa miguu mitatu. Mtindo huo ulienezwa na John Dobson, mtawa wa zamani wa San Francisco aliyekuwa akiunda darubini kwa mbao na mabomba ya karatasi ngumu, kisha anaziweka kando ya barabara wapita njia watazame bure. Hakuna uzito wa kuning'inia wala mhimili wa kulaza. Unasukuma kushoto, kulia, juu, chini, inakaa ulipoiacha. Lenzi zake mbili za jicho, za milimita 25 na 10, zinakupa x26 na x65. Kwa x26 kishada cha nyota cha Kilimia kinaingia chote kwenye duara. Kwa x65 unaona mikanda ya Mshtarii na pete za Zohali, ingawa pete zililala ubavu mwaka 2025 na sasa ndiyo zinafunguka tena taratibu.

Ina kasoro zake. Mahali pa kurekebishia fokasi ni plastiki ya kuzungusha kama kifuniko, na inalegalega. Zungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye mizunguko yake ya skrubu, tatizo limekwisha. Bomba lake liko wazi katikati, hivyo taa ya geti la jirani inaingia moja kwa moja. Mpelekee fundi cherehani kipande cha kitambaa cheusi cha baibui akushonee gauni la kuivisha. Kitako ni mbao ya kubandikwa, unyevu wa pwani utaivimbisha ukiiacha nje usiku kucha. Na kwa kuwa sisi sayari zinapita karibu na utosini, zikiwa pale juu kabisa kusukuma kushoto na kulia kunakuwa kugumu. Tazama kingine, rudi baada ya saa moja. Lakini utosi huohuo ni neema: mwanga unapita hewa chache zaidi, picha inakuwa safi. Watu wa Ulaya miaka mingine Zohali wanaipata chini kabisa kwenye paa la nyumba.

Namba mbili ni dada yake, Heritage 150P. Milimita 150, fokasi 750, picha angavu zaidi, bei juu zaidi, kilo nazo zimeongezeka. Kama unaishi ghorofa ya nne bila lifti, rudi namba moja.

Namba tatu ni Celestron StarSense Explorer DX 130AZ. Kioo upana uleule wa 130. Simu yako unaiweka kwenye kishikio chake, programu inapiga picha ya nyota, inatambua darubini inaangalia wapi, kisha mshale unakuongoza. Kwa anga la mjini lenye nyota chache za kukuelekeza, hilo ni jambo kubwa. Imeshuka hadi namba tatu kwa sababu ya miguu, si kwa kingine: ni mitatu, na haifikii utulivu wa kitako cha mezani. Ukiwa nayo, usivute miguu hadi mwisho. Tazama ukiwa umeketi, na ning'iniza dumu dogo la maji katikati.

Bajeti ndogo? Nunua darubini ya macho mawili, 10x50 (inakuza mara 10, lenzi za mbele milimita 50), tandika mkeka, lala chali. Celestron FirstScope ya milimita 76 inasimama imara mezani, lakini ukiikuza picha inafifia na kupoteza ukali. Zile ndogo za milimita 50 zenye kimiguu cha kuweka mezani ni zawadi ya mtoto kutazama meli bandarini. Nimemaliza.

Sasa wauzaji. Kwa nini bei ni "njoo inboksi"? Unakwenda inboksi, unaulizwa uko wapi, unatumia simu gani, kisha unapewa bei inayopanda kadiri unavyoonyesha hamu. Heritage 130P Uingereza imekuwa ikiuzwa karibu pauni 200. Weka usafiri, weka VAT ya asilimia 18, weka faida ya haki, bado hufiki kwenye bei niliyotajiwa na duka moja la Kariakoo, ambayo ilikuwa zaidi ya mara mbili, na mzigo wenyewe "uko njiani". Nilipoomba kufungua boksi nigonge bomba, nikaonyeshwa risiti: bidhaa ikishauzwa haipokelewi. Sijauziwa bado, kaka! Na yale maboksi yenye picha za nebula, yaani mawingu ya gesi na vumbi angani, za rangi zambarau na kijani zilizopigwa na Hubble, darubini iliyoko angani, yananiudhi kuliko yote. Kwa jicho, kwenye darubini ya nyumbani, nebula nyingi ni ukungu wa kijivu. Mzuri sana, lakini wa kijivu.

Kama una ndugu Marekani, mwambie atafute AWB OneSky, ni 130P ileile kwa jina jingine, ya shirika la wapenzi wa anga, Astronomers Without Borders. Bomba likikunjwa halifiki nusu mita, linaingia kwenye begi la mkononi likiwa limefungwa kwa nguo. Na mlioko Kenya, kabla ya kutoa hela, hudhurieni maonyesho ya The Travelling Telescope ya Nairobi mkashike darubini nzuri kwa mikono yenu.

Ikishafika, jambo la kwanza ni mahali pa kuiweka. Meza ya plastiki inaua kila nilichosema hapo juu. Baraza ya saruji ndiyo bora, ukuta mfupi unafaa, na kreti la soda lililopinduliwa juu ya ardhi ngumu linatosha, wewe ukae kwenye kigoda. Mchana, lenga mnara wa mbali na ulinganishe kile kidude cha kulengea chenye nukta nyekundu hadi nukta na darubini vikubaliane. Watu wanajaribu kufanya hivi usiku kwa kutumia nyota, ndipo wanapolia. Itoe nje nusu saa kabla, hasa ikitoka chumba chenye kiyoyozi, kwani kioo kikiwa na ubaridi wa ndani kinaweza kushika umande. Usitazame juu ya paa la bati lililopigwa jua kutwa, joto lake linachezesha picha hadi usiku wa manane. Anza daima na lenzi ya 25, si ya 10.

Anza na Mwezi, ukiwa nusu. Ukiwa mpevu vivuli vinapotea na mashimo hayaonekani vizuri. Kuanzia Aprili hadi Julai, jioni, tafuta Omega Centauri kusini, karibu na Msalaba wa Kusini: kishada cha nyota milioni kadhaa ambacho wenzetu wa kaskazini ya mbali hawakipati, na kwa Heritage kinajaza jicho. Jua usilielekee kabisa. Kile kichujio cha jua kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho, kinachokuja na darubini za bei rahisi, kinaweza kupasuka kwa joto ukiwa umeweka jicho. Kitupe siku unapofungua boksi, kabla watoto hawajakiona.

Kioo kikipata vumbi, kiache. Usikifute kwa kanga. Lenzi za jicho zihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, maana ukungu wa pwani ukishaota kwenye lenzi, ni kazi kuutoa.

Na muuzaji atakayekuambia bei ni inboksi, mwambie atume kwanza video: miguu imefunguliwa yote, anagonga bomba, na sauti yake ikihesabu.