Tairi ya gari kwenye pikipiki yangu ya Virago: tairi haina shida, fundi ndiye ana shida

Kabla hamjanirukia, ndiyo, najua kampuni za tairi zenyewe hazitaki kusikia habari hii ya kufunga tairi ya gari kwenye piki. Lakini wewe jaribu kutafuta tairi ya nyuma ya Yamaha Virago 1100 hapa Kampala. Kila duka ni tairi za Boxer, zile nyembamba za boda, ukisema rimu yako ni ya inchi 15 wanakuangalia kama umeulizia tairi ya ndege. Soko la vipuri la Kiseka nilizunguka mpaka nikachoka. Moja ya piki niliyoipata ilikuwa imekauka, imeanza kupasuka pembeni, na kwa bei hiyo nilikuwa napata mbili za gari. Volkswagen Beetle za zamani zilikuwa na rimu ya 15, basi nikachukua ya saizi ile. Marekani wenye Honda Gold Wing wanafanya hivi miaka mingi sana.

Tairi yenyewe? Tamu. Tororo mpaka Mbale piki imetulia, mizigo nyuma, mvua juu, haitelezi ovyo. Kona ndiyo kazi, tairi ni bapa kwa hivyo haitaki kulala, kule Sipi unasukuma usukani na unaendelea kuusukuma mpaka kona iishe, na pale lami imeinamia pembeni inakuvuta huko huko. Unazoea.

Sasa huyu fundi wa Mbale, jina simtaji, aliyenifungia. Mdomo wa tairi ya gari haujatengenezewa rimu ya piki, unaingia kwa shida, ndiyo maana unapaka sabuni, unajaza upepo pole pole, halafu unaangalia ule mstari mwembamba kando ya rimu, lazima uonekane sawa tairi nzima. Wangu upande mmoja ulikuwa umezama kabisa. Nikamwambia. Yuko na rolex mkononi, ile chapati ya mayai, hata hageuki: "Boss, ukiendesha itajipanga yenyewe."

Itajipanga!

Nikamwomba kwa heshima, fundi, toa upepo tupake sabuni tena. Akainuka, akachomeka mpira wa kompresa kwenye valvu, akarudi kula. Geji hana, eti anasikiliza kwa sikio. Tairi ikilipuka kwenye rimu inaua mtu, na watoto wamesimama pale wanaangalia! Nikachomoa mpira mwenyewe. Hapo ndipo akapandisha sauti vijana wa boda wote wasikie, "Kama umesomea tairi chuo kikuu si ujifungie? Watu wa piki kubwa kiburi mnacho, pesa hamna." Na pesa yangu alishaweka mfukoni, tena alidai kabla hajashika hata spana.

Nikaondoka na kitako kinarukaruka, nimepita Sironko upepo ukaisha. Kijana wa pancha wa huko akafungua, kumbe tyubu ilikuwa imebanwa na vyuma vya yule bwana, imechanika vizuri kabisa. Huyu kijana kompresa yake ni kamashine kadogo ka kelele tu, lakini aliosha rimu, akapaka sabuni ya kufulia, akaniomba geji yangu, akazungusha tairi akikagua ule mstari, mara ya kwanza ikakaa. Nikampa zaidi ya alichoomba.

Kwa hiyo msinunue. Ama nunueni, lakini kama huna fundi wa kumwamini acha kabisa, kwa sababu kila mtu mwenye kompresa anajiita fundi, na tairi ya piki angalau inamsamehe mjinga, hii haisamehi. Ningekuwa natoa nyota ningetoa moja. Hapana, nne, ile moja ya tano yule mlaji rolex ameila. Tairi yangu siitoi, mpaka sasa hata haionyeshi kuisha. Nikipita Mbale tena nasimama pale pale mbele ya boda zake, nadai pesa ya tyubu.