Ukuta wa chumba cha chini ulipotoa tumbo: mafundi walioanza na maji

Nyumba yetu iko Buziga, Kampala, na kama nyumba nyingi za huku kilimani imechimbiwa ndani ya mteremko: ukiitazama kwa mbele ni ghorofa, kwa nyuma ni ya chini. Ukuta wa nyuma wa chumba cha chini, wa matofali ya kuchoma, ndio unaozuia kilima. Mvua za Machi hadi Mei zilipokolea ukatoa tumbo waziwazi. Ufa ulilala katikati kutoka pembe hadi pembe, na kwenye kona nyufa zenye umbo la ngazi zikafuata viungo vya saruji.

Wa kwanza kuja alitaka kupiga plasta mpya. Tukaagana kwa amani. Wa pili alileta picha za mikanda ya nyuzi za kaboni, kama wanavyofanya Marekani. Ni kitu cha kweli, ila hubandikwa kwa gundi kwenye ukuta imara usiopinda sana, na kazi yake ni kuuzuia usiendelee, si kuunyoosha. Tofali letu ukilikwaruza kwa ufunguo linamomonyoka. Gundi ingeshika vumbi tu.

Hawa niliowapa kazi walikuja na uzi, timazi na maswali. Nilimwomba injinia wao namba yake ya usajili, akanipa bila kununa. Badala ya kuanza na ukuta alizunguka nyuma kutazama maji ya paa yanaangukia wapi. Yalikuwa yakiangukia udongo uleule unaousukuma ukuta.

"Mzee, udongo mkavu ukuta huu ungeuvumilia," akaniambia. "Ulioshiba maji hauwezi. Tukiweka chuma tukayaacha maji, utatuita tena."

Akabandika vipande vya kioo juu ya ufa, vikapasuka mvua zikiendelea. Basi ukuta ulikuwa bado unasogea. Wakaukingia mihimili ya mbao kwa ndani, uchimbaji ukasubiri kiangazi cha Juni na Julai.

Walichimba nyuma ya ukuta kipande kwa kipande, kingo za shimo zikishikiliwa kwa mirunda, mpaka kwenye msingi. Ukuta ukapakwa lami, chini likalazwa bomba lenye matundu, likafunikwa kokoto zilizozungushiwa kitambaa cha kuchuja, na kuinamishwa kuelekea mtaro wa chini. Maji ya paa nayo yakapewa njia yake. Ndani zikasimamishwa nguzo za zege zenye nondo, zikafungwa kwenye sakafu na kwenye slabu ya juu. Tumbo bado lipo, ukipitisha mkono unalihisi. Kulirudisha kungemaanisha kubomoa, na hilo walinieleza kabla ya kuchukua malipo ya awali.

Nawapa nyota nne. Ya tano imeliwa na udongo waliouacha getini hadi mvua za Septemba zikaushusha kwa jirani, nikaenda kuomba radhi mimi. Dhamana ya maandishi pia niliipata kwa kuidai.

Mvua hizo za Septemba hadi Novemba ndizo zilizoijaribu kazi. Vioo vipya havijapasuka, na bomba linamwaga maji mtaroni hata saa kadhaa baada ya mvua kukatika. Kwa wanaouliza gharama: zaidi ya nusu ya hela ilikwenda nje, kwenye kuchimba, bomba na kokoto. Fundi akikupa bei nafuu, angalia kama hiyo sehemu imo.